Kubadilisha maneno katika kurasa nyingi za wiki kwa mkupuo mmoja

Mwezi Januari 2016 upande wa magharibi wa Mkoa wa Mbeya ulimegwa ukawa Mkoa wa Songwe, makao makuu yake yakiwa Vwawa. Kwa watumishi wa serikali hilo lilikuwa jambo la mihuri na mabango mapya. Kwa wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili lilikuwa jambo la makala za kata. Makala ya kata ya Tanzania kwa kawaida hufunguliwa kwa sentensi inayotaja wilaya na mkoa, kwa hiyo sentensi iliyokuwa sahihi mwezi Desemba iligeuka kuwa kosa mwezi uliofuata, tena kosa lililorudiwa kwa maneno yaleyale katika kila kata ya Mbozi, Momba na Ileje yenye makala yake. Kufungua ukurasa mmoja mmoja, kubofya Hariri, kubadilisha neno moja na kuhifadhi ni kazi inayowezekana, lakini ifikapo makala ya thelathini jicho huwa limechoka na huanza kupitisha makosa mapya.

Zana za kubadilisha maneno kwa mkupuo zipo kwa ajili ya kazi ya namna hii. Nitazieleza kwa kufuata mfano huu wa Songwe kwa sababu una karibu kila mtego ambao mhariri anaweza kukutana nao. Anayetunza wiki (yaani tovuti ambayo watumiaji wake wenyewe huhariri kurasa zake) ya ofisi au ya chuo inayoendeshwa kwa programu ya MediaWiki, ambayo ndiyo programu ya Wikipedia, ataweza kufuata hatua hizihizi, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Anza na orodha ya kurasa

Wahariri wengi wapya hukimbilia zana kwanza. Kazi yenyewe, hata hivyo, huanza kwenye kisanduku cha utafutaji, kwa kuwa kosa baya kuliko yote katika uhariri wa aina hii ni kubadilisha ukurasa ambao haukupaswa kuguswa kabisa. Katika Wikipedia unaweza kutafuta ndani ya msimbo wa makala, yaani maandishi yale unayoyaona baada ya kubofya Hariri, kwa kuandika hivi:

insource:"Mkoa wa Mbeya" insource:"Wilaya ya Mbozi"

Matokeo yatakuwa kurasa zenye maneno yote mawili. Usitosheke na idadi yake; fungua kumi au kumi na tano kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa orodha, uzisome. Utagundua kwamba si zote ni makala za kata. Kutakuwa na wasifu wa mtu aliyezaliwa Mbozi miaka ya 1950, na huyo alizaliwa katika eneo ambalo wakati huo halikuwa na Mkoa wa Songwe. Kutakuwa na makala ya Wilaya ya Mbozi yenyewe, ambayo inaeleza historia ya kumegwa kwa mkoa na kwa hiyo inalazimika kutaja Mbeya. Kurasa kama hizo hushughulikiwa kwa mkono.

Njia ya mkato inayovutia, nayo ni ya hatari, ni kutafuta neno Songwe peke yake ili kupata kurasa zote zinazohusika. Songwe ni jina la mkoa, la wilaya, na la mto unaopita mpakani mwa Tanzania na Malawi. Na Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao msafiri angetarajia kuukuta katika mkoa wenye jina hilo, uko Mkoa wa Mbeya. Anayeendesha mabadiliko kwa kufuata jina pekee atauhamisha uwanja wa ndege pamoja na ndege zake.

Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kuanza na jamii, yaani kundi ambamo makala za mada moja hupangwa, kuliko kuanza na utafutaji. Ikiwa makala za kata zimepangwa katika jamii ya wilaya yao, jamii hiyo tayari ni orodha iliyochujwa na binadamu, na kinachobaki ni kuondoa wachache waliomo kwa sababu nyingine. Nakili orodha hiyo kwenye faili la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila kichwa cha makala, ufute usiyoyataka, kisha ulitunze faili hilo hadi kazi ikamilike na baada yake, kwa maana litahitajika mambo yakiharibika.

Kabla hujaendelea, angalia vigezo, yaani vipande vya msimbo vinavyoandikwa mara moja na kuonekana katika kurasa nyingi. Kisanduku cha viungo kilicho chini ya makala za kata, kinachoorodhesha kata zote za wilaya moja, kwa kawaida ni kigezo kimoja kinachoitwa na kurasa zote hizo. Ikiwa kosa limo ndani ya kigezo, lirekebishe humo mara moja tu na kurasa zote zitafuata zenyewe. Nimewahi kumwona mhariri akihangaika na orodha ya kurasa arobaini ambazo msimbo wake haukuwa na neno alilokuwa akilitafuta hata mara moja, kumbe lilikuwa linatoka kwenye kigezo.

Kuchagua zana

Kwa mtu mwenye kompyuta ya Windows na asiyetaka kuandika amri, AutoWikiBrowser inatosha. Unaipa orodha ya kurasa, unaandika maneno ya kutafutwa na ya kuwekwa badala yake, nayo hufungua ukurasa mmoja baada ya mwingine na kukuonyesha tofauti kati ya maandishi ya zamani na mapya. Uamuzi wa kuhifadhi au kuruka unabaki kuwa wako. Wiki nyingi huwataka watumiaji wake waombe idhini kwa wakabidhi (wasimamizi wa wiki) kwanza, na mimi sioni ubaya wa sharti hilo.

Pywikibot ni mkusanyiko wa skripti, yaani programu fupi, za lugha ya Python zinazoendeshwa kwa amri. Asiyetaka kuisakinisha kwenye kompyuta yake anaweza kuitumia ndani ya kivinjari kupitia PAWS, huduma ya Wikimedia ambayo haihitaji kitu kingine zaidi ya akaunti yako ya Wikipedia. Hii ndiyo nitakayoitumia katika mifano, kwa kuwa amri iliyoandikwa inaweza kunakiliwa, kuonyeshwa kwa wenzako na kukaguliwa, jambo ambalo ni gumu kwa mibofyo ya kipanya.

Mwenye wiki yake mwenyewe ana njia ya tatu, nayo ni kiendelezi (nyongeza ya programu ya MediaWiki) kiitwacho Replace Text. Hiki huwekwa na mwendeshaji wa wiki na kutumiwa katika ukurasa maalum. Hakipo kwa matumizi ya wahariri wa Wikipedia. Kina tahadhari moja ninayoipenda sana: ikiwa maneno mapya unayotaka kuyaweka tayari yapo katika kurasa nyingine, hukuonya kabla ya kuanza kwamba hutaweza tena kuyatenganisha ya zamani na uliyoyaweka wewe. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kuandika ruwaza

Sasa tazama sentensi ya kwanza ya makala ya kata jinsi ilivyo ndani ya msimbo:

ni kata ya [[Wilaya ya Mbozi]] katika [[Mkoa wa Mbeya]], [[Tanzania]].

Ukitafuta "Mkoa wa Mbeya" pekee na kuweka "Mkoa wa Songwe", utabadilisha kila mahali maneno hayo yanapotokea katika ukurasa, hata katika marejeo. Takwimu za sensa ya mwaka 2012 zilichapishwa wakati Mbozi ikiwa bado ndani ya Mbeya, na rejeo linalozitaja chini ya Mbeya linaeleza ukweli wa chapisho lile. Anayelibadilisha anamtuma msomaji kutafuta waraka usiokuwapo.

Ruwaza ni maelezo ya maandishi ambayo zana itayatafuta, na ruwaza nzuri hushika maneno yanayolizunguka neno lenyewe. Kwa kutumia rejeksi, ile lugha fupi ya kueleza umbo la maandishi badala ya maandishi yenyewe, tunaweza kuiambia zana iguse Mbeya pale tu inapofuata Wilaya ya Mbozi:

python pwb.py replace -family:wikipedia -lang:sw -file:kata_mbozi.txt -regex "(Wilaya ya Mbozi\]\] (?:katika|kwenye) \[\[Mkoa wa )Mbeya(\]\])" "\1Songwe\2" -exceptinsidetag:ref -summary:"Wilaya ya Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe tangu 2016" -simulate

Mabano mawili ya duara yanayohifadhi maandishi, la kwanza na la mwisho, yanarudishwa kama yalivyo kwa alama za \1 na \2, na kilicho katikati yake ndicho kinachobadilika. Sehemu ya "katika|kwenye" inakubali vihusishi viwili kwa sababu waandishi hawakutumia kimoja tu. Mabano ya mraba yanatanguliwa na mkwaju wa nyuma (\), kwani bila huo rejeksi huyasoma kuwa na maana nyingine. Sehemu ya -exceptinsidetag:ref inaikataza skripti kugusa kilichomo ndani ya marejeo, na -simulate inahakikisha kwamba hakuna kinachohifadhiwa.

Kuna jambo dogo katika ruwaza hiyo ambalo ni rahisi kulipita. Nimedai kwamba baada ya Mbeya yafuate mabano ya kufunga kiungo. Bila sharti hilo, kiungo kilichoandikwa [[Mkoa wa Mbeya|Mbeya]] kingegeuka kuwa [[Mkoa wa Songwe|Mbeya]]: msomaji angeona neno Mbeya, angelibofya, na angejikuta Songwe. Kosa la namna hiyo halionekani kwa kusoma ukurasa, na linaweza kukaa miaka. Afadhali ruwaza ikuache na kurasa tano za kumalizia kwa mkono kuliko ikufanyie tano hizo vibaya.

Mitego ya Kiswahili chenyewe

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa lugha ambazo maneno yake hayashikani kama yetu. Mhariri wa Kiswahili ana matatizo yake.

La kwanza ni neno ndani ya neno. Tuseme jumuiya imekubaliana kuandika "Kata" kwa herufi kubwa linapotangulia jina. Ukiagiza kila "kata" iwe "Kata", utapata mKataba, alikuwa ameKataa, na watu waliokuKataza. Ukifanya vivyo hivyo kwa "ziwa" utakunywa maZiwa na kutangaZiwa matokeo. Dawa yake ni alama ya mpaka wa neno, \b, pande zote mbili: \bkata\b hukubali neno kamili tu.

Lakini \b haijui ritifaa yetu. Kwa kompyuta, alama iliyomo katika ng'ombe si herufi, kwa hiyo neno hilo ni maneno mawili, "ng" na "ombe". Anayetafuta \boa\b ili kitenzi cha kuoa kiwe "funga ndoa" ataikuta pia ng'oa, na daktari wa meno ataambiwa ng'funga ndoa jino. Kinga ni kutaja kwamba herufi iliyotangulia isiwe ritifaa, iwe nyoofu au iliyopinda: (?<!['’])\boa\b.

Ritifaa hiyohiyo ndiyo iliyonipa siku mbaya kuliko zote katika kazi hii. Katika wiki ya ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, yenye kurasa nyingi kuhusu mifugo, nusu ya waandishi walitumia ritifaa nyoofu na nusu iliyopinda, na anayetafuta ng'ombe hakuwa na hakika ya kupata ng'ombe wote. Niliamua kuzifanya zote zipinde, kwa sababu niliiona iliyopinda kuwa nzuri zaidi, nikaagiza kila ' iwe ’ bila ruwaza yoyote. Nilisahau kwamba katika msimbo wa wiki alama mbili za ' hulaza maandishi na tatu huyakoza. Dakika chache baadaye kila kichwa kilichokozwa katika wiki nzima kilikuwa kimezungukwa na ritifaa tatu kila upande kama nyumba iliyozungushiwa seng'enge, na picha ambazo majina ya mafaili yake yalikuwa na ritifaa zilikuwa zimetoweka. Ruwaza niliyopaswa kuitumia ni fupi, nayo inakwenda upande wa pili, kutoka iliyopinda kwenda nyoofu, ambayo ndiyo watu huandika kwa kibodi:

([Nn]g)’([aeiou])   inakuwa   \1'\2

Haina \b mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu kung'oa na wang'avu wanayo ng' katikati ya neno. Na huendeshwa pamoja na -exceptinsidetag:file, ili majina ya picha yabaki kama yalivyopakiwa.

Mtego wa mwisho ni mzito zaidi na hauna ruwaza: upatanisho wa ngeli. Ubadilishaji wa "tarakilishi" kuwa "kompyuta" huenda salama kwa sababu maneno yote mawili huchukua upatanisho uleule. "Tarakilishi yake iliharibika" inakuwa "kompyuta yake iliharibika" na hakuna anayejua kilichopita. Lakini badilisha "mradi" kuwa "programu", nawe utasoma "programu wake ulianza". Kivumishi, kitenzi, kiwakilishi na hata "huo" iliyo sentensi mbili mbele vyote vinashikamana na nomino uliyoiondoa. Kanuni yangu ni kuuliza ngeli kwanza: ikiwa neno la zamani na jipya ni la ngeli moja, mkupuo unafaa, ikiwa ngeli zinatofautiana, tumia zana kukusanya orodha ya kurasa tu, kisha uhariri kwa jicho na mkono.

Mfano wa Kenya unaonyesha hilo pamoja na tatizo jingine. Mikoa minane ya zamani iliacha nafasi kwa kaunti 47 zilizowekwa na katiba ya mwaka 2010, zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Mtu anaweza kudhani kwamba "mkoa" ungegeuzwa tu kuwa "kaunti". Kwanza, "mkoa huo una" lingelazimika kuwa "kaunti hiyo ina". Pili, Mkoa wa Pwani haukuwa kaunti moja bali sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta, na hakuna ruwaza inayojua kijiji fulani kiko katika ipi. Tatu, Tanzania nayo ina Mkoa wa Pwani, ulio hai na wenye makao yake Kibaha, kwa hiyo mkupuo usio na uangalifu ungeipeleka Bagamoyo Kenya.

Kujaribu, kuhifadhi, kusubiri

Endesha amri kwanza ikiwa na -simulate, usome kila tofauti inayoonyeshwa. Ondoa -simulate pale tu utakapokuwa umepitia orodha nzima, au angalau kurasa thelathini mfululizo, bila kosa hata moja. Kisha hifadhi kurasa tano, uzifungue katika kivinjari kama msomaji wa kawaida, ubofye viungo vilivyobadilika. Kwa kila ukurasa Pywikibot huuliza kama ikubali badiliko. Kuna jibu la kukubali yote yaliyobaki bila kuulizwa tena, nalo nakushauri usilitumie kabla hujazifungua kurasa hizo tano.

Muhtasari wa badiliko uandikwe kwa sentensi inayoeleweka na mtu asiyekujua, ikitaja sababu na si kitendo tu. "Marekebisho" si muhtasari. Anayetazama historia ya ukurasa miaka mitatu baadaye atataka kujua kwa nini Mbeya iliondoka.

Katika wiki yenye wahariri wachache, mabadiliko mia tatu kwa saa moja huufunika ukurasa wa Mabadiliko ya karibuni, na mhuni aliyeingiza matusi katika makala nyingine hupita bila kuonekana. Kwa kazi kubwa, tumia akaunti ya pili yenye hadhi ya roboti, ambayo mabadiliko yake hufichwa kwa kawaida katika ukurasa huo. Hadhi hiyo huombwa kwa jumuiya. Pywikibot yenyewe husubiri sekunde kumi kati ya hifadhi moja na nyingine isipoelekezwa vingine, nami sijawahi kuona sababu ya kuiharakisha. Tangaza mpango wako katika ukurasa wa majadiliano wa jumuiya siku chache kabla, ukiweka ruwaza na kurasa tano za mfano. Mara nyingi atatokea mtu wa Mbozi anayejua jambo usilolijua.

Mambo yakiharibika

Kila badiliko katika wiki linabaki katika historia, kwa hiyo hakuna kinachopotea kabisa. Hata hivyo usidhani kwamba unaweza kutengua kwa kugeuza amri nyuma mbele. Ukishabadilisha A kuwa B, kurasa zilizokuwa na B tangu awali hazina tofauti tena na zako, na amri ya kurudisha B kuwa A itaziharibu na hizo. Hilo ndilo onyo la Replace Text nililolitaja. Swaziland ilipojiita Eswatini mwezi Aprili 2018, mhariri aliyetaka kufuata angekuta pia "Uswazi", jina la Kiswahili la nchi hiyohiyo, ambalo mtaani Dar es Salaam ni neno la kitongoji cha watu wa kawaida. Akichanganya yote kuwa jina moja, hakuna ruwaza ya kumwambia nchi ilikuwa wapi na uswahilini wapi.

Njia ya uhakika ni faili lile la orodha pamoja na ukurasa wa michango ya akaunti yako. Simamisha skripti mara moja kwa Ctrl na C, nenda kwenye michango, na utengue kila badiliko kutoka la mwisho kwenda la kwanza. Zikiwa nyingi, mwombe mkabidhi akusaidie mapema, kwa sababu kurejesha kwa haraka kunawezekana tu pale ambapo badiliko lako bado ndilo la mwisho katika ukurasa. Mhariri mwingine akishaongeza lake juu, itabidi ukurasa huo ushughulikiwe peke yake.

Kazi ikienda vizuri, rudia utafutaji ule wa mwanzo kesho yake, kwani faharasa ya utafutaji huchelewa kuona mabadiliko. Kurasa zitakazobaki ndizo zile zenye viungo vya namna ya pekee, marejeo ya sensa, na watu waliozaliwa Mbozi kabla ya 2016. Zifungue moja moja.